Aliyeuza Shamba: Waumini na Soko la Hisa la Nairobi

Mwaka 2008 Pasaka ilikuwa tarehe 23 Machi. Siku tano baadaye, Ijumaa tarehe 28, serikali ya Kenya ilifungua mauzo ya hisa za kampuni ya simu ya Safaricom, na kwa Jumapili nne zilizofuata hatukumbuki kutoka ibadani bila kuulizana pale mlangoni: umeshachukua fomu? Walimu waliuliza, mafundi waliuliza, akina mama wa kwaya waliuliza. Kijana mmoja wa ushirika wetu aliyekuwa akifanya kazi benki alikuja na bahasha nzima ya fomu, akazigawa chini ya mti kama anayegawa matoleo ya mavuno.

Mtu akizisoma habari hizo leo ataona tamaa tu. Nasi tunakiri kwamba tamaa ilikuwepo. Lakini asiyekumbuka miezi mitatu iliyotangulia hataelewa ile foleni. Uchaguzi ulikuwa umefanyika tarehe 27 Desemba 2007, na baada yake nchi ikawaka. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Siku ya Mwaka Mpya kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Mapatano ya viongozi yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari. Katika ushirika wetu walikuwepo ndugu ambao tangu Januari hawakuketi tena benchi moja, wala hawakusalimiana ila kwa kuinamisha kichwa. Halafu Aprili tukawaona wamesimama katika foleni moja mjini, kila mmoja na kitambulisho chake mkononi, wakiazimana kalamu. Kwa baadhi yetu hilo lilikuwa jambo la kwanza la kawaida kuliona mwaka ule. Hisa moja iliuzwa shilingi 5, na kima cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Kwa pesa hizo mtu alinunua pia, ingawa hakujua, haki ya kusema kwamba nchi hii bado ina kesho.

Soko lenyewe halikuwa letu tangu mwanzo. Miaka ya 1920 hisa ziliuzwa Nairobi katika mazungumzo ya kahawa, na mwaka 1954, zama za ukoloni, ndipo Soko la Hisa la Nairobi lilipoundwa rasmi kama chama cha madalali. Mwafrika na Mhindi hawakuruhusiwa kununua wala kuuza humo mpaka baada ya uhuru. Hata baada ya uhuru, kwa miaka mingi mtu wa kawaida aliliona soko hilo kama klabu ya gofu: anajua lipo, anajua lilipo, lakini hana la kufanya huko. Mambo yalianza kubadilika serikali ilipoanza kuuza mashirika yake. Shirika la ndege la Kenya Airways lilipouzwa kwa umma mwaka 1996, watu zaidi ya 110,000 waligeuka kuwa wenye hisa. Miaka kumi baadaye ikaja KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme. Hisa yake ilitolewa mwaka 2006 kwa shilingi 11 na senti 90, na ilipoanza kuuzwa sokoni mwezi Mei bei ikaruka zaidi ya maradufu.

Hapo ndipo tulipofunzwa vibaya. Mtu aliyeweka akiba ya miezi sita katika KenGen na kuuza mapema alipata faida ambayo mshahara wake usingempa kwa miaka. Tunamkumbuka ndugu mmoja aliyesimama wakati wa ushuhuda, akamshukuru Mungu kwa bati za nyumba yake, na akataja kampuni kwa jina. Tukapiga makofi. Hakuna aliyeona ajabu. Kipimo cha soko, kile kinachofuata hisa 20 kubwa, kilikuwa kimepita pointi 6,000 mwanzoni mwa 2007, na sisi ambao hatukuwa na senti humo tulijiona tumeachwa na basi.

Kwa hiyo Safaricom ilipofunguliwa hatukuuliza kampuni inapata nini kwa mwaka, wala hisa zote ni ngapi. Zilikuwa hisa bilioni 10 zilizowekwa sokoni kwa mkupuo mmoja, robo nzima ya kampuni. Mtu anayeuza sukuma wiki angejua mara moja maana ya mzigo mkubwa hivyo kufika sokoni asubuhi moja. Sisi tulijua bei ya KenGen tu. Mabenki yalitangaza mikopo ya kununulia hisa, na wengi walichukua, kwa hesabu iliyoonekana haina kasoro: nitakopa leo, nitauza siku ya kwanza, nitalipa mkopo, kitakachobaki ni changu. Tena hatari ilikuwa imekwisha kuonekana kwa aliyetaka kuona. Kampuni moja ya udalali wa hisa ilianguka mwaka 2007. Nyingine, iliyokuwa na wateja wengi wadogo, iliwekwa chini ya usimamizi Machi 2008, wiki chache tu kabla ya mauzo kufunguliwa. Watu waliokuwa wamezuiwa nje ya mlango uliofungwa wa dalali wao walivuka barabara wakaingia foleni ya dalali mwingine.

Mahubiri nayo tuyaseme. Katika majuma yale tulihubiriwa mfano wa talanta, Mathayo 25, zaidi ya mara moja. Yule mtumishi aliyeficha talanta yake ardhini alipata kukemewa sana Aprili ile, na ni kweli kwamba bwana wake anamwambia angalau angeiweka kwa watoa riba. Mwaka uliofuata, bei ilipokwisha kuanguka, tuliletewa tajiri mpumbavu wa Luka 12, yule aliyekusudia kubomoa maghala yake ajenge makubwa. Mhubiri alikuwa yuleyule na waliomsikiliza tulikuwa walewale. Hatusemi haya kwa kejeli, maana mifano yote miwili ni ya Bwana. Tunasema tu kwamba Neno lilikuwa likikimbia nyuma ya bei.

Mauzo yalifungwa Jumatano tarehe 23 Aprili. Zaidi ya watu 800,000 waligawiwa hisa, umati ambao Kenya haikuwahi kuuona katika soko lile. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, kwa hiyo kila mtu alipata kipande cha alichoomba na pesa iliyobaki ikapaswa kurudishwa. Hapa ndipo hesabu ya mikopo ilipovunjika, kabla hata soko halijafunguliwa. Kurudishiwa pesa kulichukua muda, na riba haikungoja.

Tutaeleza habari za dada mmoja wa ushirika wetu, kwa ruhusa yake na bila jina lake. Alikuwa mjane, mshonaji, na alikuwa na shilingi 25,000 alizoziweka kwa ajili ya karo ya kijana wake. Alikopa 75,000, akajaza fomu ya hisa 20,000. Akapata kama 4,000. Pesa iliyorudi, kama shilingi 80,000, ililipa mkopo na riba, ikaisha. Akabaki na hisa zake 4,000 na bila akiba. Jumatatu tarehe 9 Juni 2008 hisa zilipoanza kuuzwa, bei ilipita shilingi 7, na kama angeuza siku hiyo angetoka na faida ndogo. Lakini nani angeuza kwa 7 wakati KenGen ilifanya yale iliyofanya? Sisi wenyewe tulimwambia angoje. Tuliketi sebuleni kwake, tukanywa chai yake, tukamwambia itafika 15 kabla ya Krismasi.

Kufikia Krismasi ilikuwa chini ya shilingi 4. Septemba ile benki ya Lehman Brothers ya New York ilikuwa imefilisika, na wageni waliokuwa wameweka fedha katika masoko madogo kama letu wakaanza kuzitoa warudi nazo kwao. Machi 2009 hisa ya Safaricom ilinunuliwa kwa chini ya shilingi 3. Kipimo cha soko kilichopita 6,000 miaka miwili nyuma kilikuwa chini ya 2,500.

Tungependa kuandika kwamba tuliogopa tukauza. Vitabu vingi husema hivyo kuhusu mtu wa kawaida: bei ikipanda hununua kwa uchu, ikishuka huuza kwa hofu. Kati yetu wako waliofanya hivyo hasa. Lakini wengi hatukufanya lolote. Tuliacha kufungua ukurasa wa biashara gazetini. Taarifa za akaunti ya hisa zilipokuja tuliziweka bila kuzifungua ndani ya droo ya vyombo. Na zaidi ya yote tulinyamaza. Katika ibada za nyumbani tuliombea kazi, visa, ndoa, uvimbe wa goti; hatukumbuki hata mara moja mtu aliyesema, naomba mniombee, nimepoteza pesa katika hisa. Yule ndugu wa bati za KenGen alikuwa pia amenunua Safaricom kwa mkopo. Hilo tulilijua miaka mingi baadaye, siku ya matanga yake, kutoka kwa mkewe. Kanisa lililokuwa na nafasi ya ushuhuda wa faida halikuwa na nafasi ya ushuhuda wa hasara, ingawa Zaburi tunazoziimba zimejaa vilio vya watu waliopoteza kila kitu.

Sisi si wa kwanza kupita hapo. Mwaka 1720 mjini London watu wa kila namna walikimbilia hisa za Kampuni ya South Sea. Bei yake ilianza mwaka karibu na pauni 128, ikafika kama 1,000 majira ya joto, na mwaka ulipokwisha ilikuwa imerudi karibu na ilikotoka. Isaac Newton, aliyepima mwendo wa sayari, aliuza mapema kwa faida, kisha akashindwa kuvumilia kuwaona wengine wakiendelea kupata, akarudi kununua juu, akapoteza mali nyingi. Thomas Guy, muuza vitabu, aliuza kwa wakati, akatajirika, na kwa fedha zake ikajengwa Hospitali ya Guy, iliyofunguliwa 1725 na ipo mpaka leo. Watu husimulia habari za wawili hao kama somo la busara na tamaa. Mara chache sana msimulizi hukumbuka kazi ya kampuni yenyewe ilikuwa nini: ilikuwa na kibali cha kupeleka Waafrika watumwa katika makoloni ya Hispania. Nalo kanisa halikuwa nje ya jambo hilo. Mwaka 2023 Kanisa la Uingereza lilitangaza hadharani kwamba mfuko wake wa kale wa kuwasaidia makasisi maskini, ulioanzishwa 1704, uliweka fedha katika kampuni ile. Makasisi hao walikula mkate wao bila kuuliza ulitoka wapi, kama ambavyo sisi nasi hatukuwa na desturi ya kuuliza.

Mfano ulio karibu zaidi na wetu ni ule wa Marekani wa 1929. Huko nako watu wadogo walikuwa wameingia sokoni kwa mikopo. Dalali angempokea mtu na sehemu ndogo ya bei, mara nyingine asilimia 10 tu, akamkopesha iliyobaki, na hisa zenyewe zikawa rehani. Bei ikishuka, dalali humtaka mteja aongeze pesa, na asipokuwa nazo hisa zake huuzwa hapohapo, atake asitake. Ndivyo mtu mmoja aliyelazimika kuuza alivyomlazimisha na mwenzake, bei ikashuka tena, na wa tatu akafikiwa. Kipimo cha Dow Jones kilikuwa 381 mapema Septemba 1929. Julai 1932 kilikuwa 41. Kilirudi pale kilipokuwa Novemba 1954. Miaka 25! Washauri wa fedha hupenda kuonyesha mchoro huo na kusema, mwaona, soko hupona. Ni kweli lilipona. Lakini mtu aliyekuwa na miaka 50 mwaka 1929 alikuwa na 75 lilipopona, na hisa zake zilikuwa zimekwisha kuuzwa na dalali tangu mwaka ule wa kwanza. Mchoro ule hauna mtu ndani yake.

Tunarudi Nairobi, maana huku nako soko lilipona. Halikupona kwa mstari ulionyooka. Mwaka 2010 hisa ya Safaricom ilipanda kwa muda ikapita ile shilingi 5 ya mwanzo, tukaanza kuinua vichwa. Mwaka 2011 uliisha ikiwa karibu na 3. Gawio nalo lilikuwa la kuchekesha: senti 20 kwa hisa mwaka 2010, maana yake mwenye hisa 2,000 alipata shilingi 400 kabla ya kodi. Wako waliosema nauli ya kwenda kuweka hundi ile benki ilizidi kilichoandikwa juu yake, na hundi nyingi zilibaki katika Biblia zikiwa alama ya kurasa. Kisha, mwishoni mwa 2012, bei ilirudi shilingi 5. Mwaka 2013 ulipoisha ilikuwa imepita 10. Huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa Machi 2007 na ambayo wakati wa foleni tuliiona kama jambo dogo la kutuma pesa kijijini, ilikuwa sasa inabeba biashara ya nchi nzima. Agosti 2021 hisa ilipita shilingi 40. Baada ya hapo ilishuka tena, hata mwaka 2023 ikawa chini ya 15, lakini hata hiyo ni maradufu na zaidi ya bei ya fomu zetu.

Sasa kanisani tulisikia lugha mpya, na hii ndiyo iliyotufanya tuandike. Wale ambao hisa zao zilikuwa bado zipo walianza kusimulia habari zao kama habari za imani. Tulivumilia, walisema. Hatukutikisika. Wakataja tunda la Roho, wakataja mkulima anayengoja mvua. Ushuhuda ulirudi. Mzee mmoja wa kanisa alitoa sadaka kubwa ya shukrani kwa ajili ya paa la jumba la Jumapili, na paa hilo tunalitumia na tunalishukuru. Lakini tulipoketi na kuulizana kwa ukweli, kila mmoja wetu aliyebaki na hisa zake alikuwa na jambo moja ambalo halikuwa imani. Mmoja alikuwa na mshahara wa serikali. Mwingine alikuwa na ng'ombe watatu wa maziwa. Wa tatu, na huyu ametuchekesha sana, alikuwa amepoteza namba ya akaunti yake ya hisa na hakujua jinsi ya kuuza. Uvumilivu wake ulikuwa karatasi iliyopotea.

Tena subira ile ile, kwa kampuni nyingine, ilizaa patupu. Wako ndugu zetu wa Magharibi waliokuwa na hisa za Mumias, kiwanda cha sukari kilichokuwa fahari ya eneo zima. Nao walingoja. Mwaka 2019 kiwanda kiliwekwa chini ya mrasimu, hisa zikasimamishwa kuuzwa, na aliyengoja kwa moyo wa sala alibaki na karatasi sawa na aliyengoja kwa uzembe. Walionunua Kenya Airways mwaka 1996 nao wanayo yao ya kusema. Kama subira ya mwenye Safaricom ilikuwa tunda la Roho, basi subira ya mwenye Mumias ilikuwa nini? Hatuwezi kuwaambia kwamba Mungu alisoma orodha ya makampuni.

Basi dada yetu mshonaji. Yeye aliuza Machi 2009, kwa bei iliyokuwa chini kidogo ya shilingi 3, kipindi kibaya kuliko vyote. Baada ya ada ya dalali alipata shilingi elfu 11 na kitu kutoka hisa zilizomgharimu 20,000 pamoja na riba. Kijana wake alikuwa kidato cha pili na alikuwa amerudishwa nyumbani. Tulipopata habari tulisikitika, kisha tukafanya jambo ambalo leo tunaliona aibu: tulimfanya mfano. Si kwa jina, lakini katika semina ya vijana kuhusu fedha iliyofanyika miaka michache baadaye, bei ilipopona, msemaji alieleza habari za mama aliyekosa subira, aliyeuza kwa hofu siku chache kabla ya nuru. Yeye alikuwa jikoni siku hiyo akipika chai ya semina. Alisikia.

Katika kusoma kwetu tumekuwa tukirudi kwenye Yeremia 32. Wahubiri wanaozungumzia fedha wanaipenda sura hiyo, nasi tuliipenda kwa sababu ileile. Yerusalemu umezungukwa na jeshi la Babeli, nabii amefungwa katika uwanja wa walinzi, na hapo anaambiwa anunue shamba lililoko Anathothi, nchi ambayo wakati huo ilikuwa mikononi mwa adui. Analinunua kwa shekeli 17 za fedha, anapima mbele ya mashahidi, anatia sahihi, anampa Baruku hati aiweke katika chombo cha udongo ikae siku nyingi. Ni rahisi kusema: tazameni, nabii alinunua wakati soko limeanguka! Alikuwa na jicho la mbali!

Hatukusoma vizuri. Yeremia hakupata faida. Hakuna mahali tunaposoma kwamba alirudi kulilima shamba lile. Mwisho wa habari zake anachukuliwa kwenda Misri na watu wasiomsikiliza. Na kuna mtu wa pili katika sura ile ambaye hatukuwahi kumhubiri, naye ni Hanameli, mwana wa ami yake, aliyeuza. Maandiko hayasemi kwa nini aliuza. Lakini mtu haendi gerezani kumtafuta ndugu yake aliyefungwa, wakati wa vita, ili amwuzie shamba, kama ana njia nyingine. Hanameli anamwambia Yeremia kwamba haki ya kukomboa ni yake. Neno hilo linatoka katika sheria ya Walawi 25: ndugu yako akiwa maskini akauza sehemu ya milki yake, jamaa yake wa karibu na aje aikomboe. Sheria haimwulizi muuzaji kwa nini hakuvumilia. Inamgeukia jamaa na kumwuliza yuko wapi.

Soko la hisa halina jamaa. Huo ndio uzuri wake, mtu atasema, na kwa upande mmoja ni kweli: pale Nairobi mnunuzi hamjui muuzaji, kabila lake halimo katika kompyuta, na Aprili 2008 hilo lilikuwa faraja. Lakini pia maana yake ni kwamba aliyenunua zile hisa 4,000 Machi 2009 hakujua ananunua karo. Hakuwa na kosa. Waliojua ni sisi. Sisi tulijua kijana amerudishwa nyumbani, maana tulimwona Jumapili mbili mfululizo akipiga ngoma kanisani wakati shule zimefunguliwa. Ushirika wetu wa nyumbani ulikuwa na watu 17, na kati yao wasiopungua wanane walikuwa na mishahara. Tukipiga hesabu leo, shilingi 1,300 kwa kila mmoja wa hao wanane zingetosha, na hisa zingebaki kwake. Tulichanga zaidi ya hapo mwezi uleule kwa harambee ya vipaza sauti.

Tumejaribu kurekebisha jambo moja. Tangu 2015 ushirika una mfuko mdogo wa karo, usio na riba, na kanuni yake ni kwamba mwombaji haulizwi alichofanya na pesa zake za kwanza. Kanuni hiyo ilibishaniwa jioni nzima. Wako walioona inalea uzembe, na pengine kwa mtu mmoja au wawili imelea. Tumefungua pia nafasi ya ushuhuda kwa aliyepoteza. Mpaka sasa wamesimama watatu.

Jambo jingine tumelikuta bila kulitafuta. Katika kuwazika wazee wetu tumegundua kwamba wengi walikufa na hisa ambazo familia haikuzijua. Serikali ina mamlaka inayotunza mali isiyodaiwa, yakiwemo magawio na hisa za watu waliotoweka katika vitabu vya makampuni, na kuzidai huhitaji cheti cha kifo, barua za mirathi na miguu yenye nguvu. Mashemasi wetu wawili sasa huwasindikiza wajane katika shughuli hiyo. Mke wa yule ndugu wa bati alipata hisa 2,600 kwa njia hiyo, miaka sita baada ya mazishi.

Mwaka 2021 hisa ilipopita shilingi 40, mmoja wetu, asiyejua kunyamaza, alimwambia dada mshonaji kwamba zile 4,000 zake sasa zingekuwa na thamani ya zaidi ya 160,000. Tulikuwa tumesimama nje ya kanisa, na wengine wetu tulitazama chini. Yeye hakukasirika. Alisema karo ya muhula ule ilikuwa shilingi 9,800, kwamba kijana alimaliza kidato cha nne mwaka 2011, na kwamba risiti bado anayo nyumbani, kama kuna anayetaka kuiona.